Themanini na Nane kwa Akina Mama

"Wanaume wengine humu ndani mnalala na simu chini ya mto kama bastola. Mimi Gadiel sina siri. Mimi nikiongea na mwanamke, dunia nzima inasikia."

Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, ukumbini Ngaramtoni, siku ya sendofu ya kumuaga Jackline, mtoto wa dada yake, mbele ya watu mia tatu na mbuzi mzima wa ndafu, wa kuchoma, aliyekaa na majani mdomoni. Alikuwa ameitwa amkabidhi bibi harusi jiko la gesi, kazi ya sentensi moja. Lakini Gadiel na kipaza sauti ni kama mbuzi na shamba la mahindi: atatoka, ila si kwa hiari. Akina mama wakapiga vigelegele. Wanaume kumi na kitu wakaanza kukagua viatu vyao. Mkewe, Tekla, meza ya tatu, akapiga makofi mawili ya heshima na kuendelea na pilau.

Tatizo la majigambo yale ni kwamba yalikuwa ya kweli.

Gadiel ni fundi wa redio za upepo, zile zinazofungwa kwenye magari ya watalii. Ana karakana Sakina, chumba kimoja chenye meza mbili na waya za kutosha kuifunga Arusha yote isitoroke. Simba akionekana huko Serengeti, dereva mmoja akamnong'oneza mwenzake, jua kuna mkono wa Gadiel katikati. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Katika miaka yote hiyo amekuwa akitengeneza mazungumzo ya watu wengine, na watu hao wakishaanza kusikilizana humwambia, "Haya fundi, asante, shuka kwenye gari."

Jioni akirudi nyumbani, juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, hakuna wa kumshusha. Pale uani amesimamisha mlingoti mrefu kuliko mnara wa kengele wa usharika, jambo ambalo mchungaji ameligusia mara mbili kwenye matangazo bila kutaja jina. Sebuleni, mahali ambapo familia nyingine huweka kabati la vyombo, kuna redio yake ya ridhaa. Ana leseni halali, na jina lake la hewani linaanza na tano na H, kama la kila Mtanzania mwenye mchezo huo. Mchezo wenyewe ni huu: unaita hewani, mtu usiyemjua anaitika kutoka nchi usiyoijua, mnaambiana majina na jinsi mnavyosikika, unamwandika kwenye daftari, mnaagana. Hakuna biashara, hakuna zawadi.

"Ni kama kukosea namba ya simu kwa makusudi," Tekla aliwahi kumweleza mchungaji.

Watanzania wenye mchezo huo ni wachache, kwa hiyo Gadiel akiita tu, mabara yote humrukia kama kuku waliomwagiwa mchele. Wajapani, Wabrazili, Wapolandi, wote wanaligombea jina lake. Hewani hakuna anayemwita fundi. Wanamwita Gadiel, wanalivunja-vunja hilo jina kila mtu kwa meno yake, na yeye anatabasamu gizani kwenye kona yake kama aliyepakwa asali.

Na kuna klabu. Klabu ya Redio ya Ridhaa Miteremko ya Meru ina wanachama saba, wanne kati yao wana redio, mmoja tu ni mwanamke. Hukutana Makumira mara moja kwa mwezi. Ina kundi la WhatsApp linalotembea saa ishirini na nne, na tovuti iliyojengwa na Godbless, kijana wa kompyuta, ambayo ukurasa wake wa "Habari Mpya" una habari moja, ya mwaka juzi. Gadiel ndiye mwenyekiti. Alichaguliwa kwa kura zote kwa sababu ndiye mwenye mlingoti.

Na ni akiwa mwenyekiti, mtu wa kufundisha wengine, ndipo alipoharibu.

Watu wa redio wana lugha yao ya namba. Wakiagana hawasemi kwaheri, wanasema sabini na tatu, maana yake salamu njema. Hilo Gadiel alilipata mahali halali kabisa, kwenye tovuti moja ya wenye mchezo huo yenye orodha ndefu ya namba na maana zake, zimepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Aliisoma kwa bidii, moja baada ya nyingine, na alipofika sabini na tatu bando la intaneti likaisha.

Hakurudi tena. Mtu mwenye akili, alisema, akishajua kuaga inatosha.

Wiki chache baadaye akamsikia mzee mmoja wa Marekani akiagana na mwanamke wa Kanada. Mzee hakusema sabini na tatu. Alisema themanini na nane. Akaagana na mwanaume: sabini na tatu. Akaja mwanamke mwingine: themanini na nane. Gadiel akaweka kalamu chini. Mtu wa kabila jingine pale angejiuliza. Gadiel ni Mwarusha, hakuwa na cha kujiuliza. Kwao mwanaume anasalimiwa "supai", mwanamke anasalimiwa "takwenya", na ukizichanganya wazee wanauliza ulilelewa na nani. Kila kitu kikamkaa sawa kichwani.

"Kumbe hata wazungu wana takwenya yao," alitangaza kwenye mkutano wa klabu. "Sabini na tatu ni supai. Themanini na nane ni takwenya. Mwanamke usimpe sabini na tatu, ni kumkosea."

Wanachama wakaandika. Godbless akaipandisha kwenye tovuti, kwenye ukurasa uitwao Mwongozo wa Adabu Hewani, kifungu cha kwanza.

Ikapita miaka miwili ya adabu.

Kadi ilifika Jumanne. Watu wa redio hutumiana kadi kuthibitisha kwamba waliongea, na za Gadiel hupitia sanduku la posta la duka la mkewe, duka la pembejeo, mbele kidogo ya soko la Ngaramtoni. Hii ilikuwa na picha ya theluji na zizi. Nyuma palikuwa na mwandiko wa mkono, Kiingereza kifupi ambacho Tekla alikisoma bila shida: Mpendwa Gadiel, asante kwa themanini na nane zako. Zimenipasha joto majira yote ya baridi. Nami nakurudishia themanini na nane, na nyingine themanini na nane. Wako, Kaarina.

Tekla ni Mchaga wa Machame, mtu wa hesabu. Anajua bei ya kila mbegu kwa kilo na kwa kijiko. Lakini hii hesabu ilimshinda. Akamwita binti yao, Nice, aliyekuwa likizo kutoka chuo.

"Hebu nitafutie. Themanini na nane kwenye mambo ya redio ni nini?"

Nice akaandika kwenye simu, akafungua tovuti, akashuka na kidole mpaka chini, akasoma kwa sauti kabla akili haijaufikia mdomo. "Mapenzi na mabusu."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri dawa ya kupe akasema atarudi kesho.

Jioni Gadiel alikaa mezani akakuta kadi kwenye sahani, pale ambapo ugali ulitakiwa kuwa.

"Baba Nice," Tekla alisema, "Kaarina ni nani?"

"Aa, Kaarina." Uso ukamchanua. "Huyo yuko Finland. Ana ng'ombe kumi na wawili, mmoja kazaa pacha mwezi wa kwanza. Mama mmoja mwenye adabu sana."

"Unampaga themanini na nane?"

"Kila siku."

"Kila siku."

"Kila tukikutana. Huwezi kumwacha mtu mzima hivihivi, Mama Nice."

"Baba," Nice alisema taratibu, "nyamaza kwanza."

"Ninyamaze nini? Mama yako ananiuliza mambo ya redio. Miaka yote nimeiomba siku hii."

Nice akamsogezea simu. Gadiel akavaa miwani. Akasoma mara ya kwanza kwa Kiingereza, mara ya pili akajitafsiria kwa Kiswahili, mara ya tatu kwa Kiarusha, akitumaini lugha mojawapo itamwonea huruma. Hakuna iliyomwonea.

"Wangapi?" Tekla aliuliza.

Hapo mwanaume yeyote wa zile meza za sendofu angesema huyu mmoja tu, shetani alinipitia. Gadiel alinyanyuka, akaleta daftari, akalamba kidole na kuhesabu. Ilichukua dakika kumi na mbili. Ugali ulipoa jikoni.

"Sitini na mmoja," alisema.

"Wanawake sitini na mmoja."

"Wa nchi ishirini na nne. Lakini Mama Nice, mimi nilikuwa nasema takwenya."

Tekla akakunja kitambaa cha meza kona kwa kona, kama anayefunga duka. "Jumamosi kaka Manase anakuja. Mwite na mzee wenu. Redio inatoka kwenye hii nyumba, ama..."

"Ama nini?"

"Nimetafuta ama ya pili sijaiona."

Siku tatu zilizofuata Gadiel hakuwasha redio. Karakanani aliunganisha waya mwekundu na mweusi, gari la watalii likapiga honi kila dereva alipotaka kuongea. Kwenye kundi la WhatsApp habari zilishafika, kwa sababu Godbless alikuwa ameulizwa na Nice, na Godbless hana kifuniko. Wanachama waliokuwa wakimtumia Penina, mwanamke pekee wa klabu, "88 mwalimu" kila asubuhi ya kazi walifuta ujumbe wao mmoja mmoja, wa miaka miwili, mpaka kundi likabaki na mapengo kama mdomo wa bibi. Jioni Gadiel alikaa kwenye kiti chake mbele ya redio iliyozimwa, akagusa kitufe cha kutafutia mawimbi, akakizungusha kushoto, akakizungusha kulia. Alikuwa na miaka hamsini na nne. Alijaribu kufikiria jioni zake bila kile kitufe, akaona tu taarifa ya habari na mtu wa kumwambia ashuke kwenye gari.

Jumamosi saa tisa alasiri kikao kikakaa sebuleni, redio ikiwa pale pale kama mshitakiwa wa pili. Upande wa Tekla alikuja kaka yake, Manase, mwenye duka la vipuri vya magari mjini. Upande wa Gadiel alikuja Mzee Lesian, mkubwa wa ukoo, na fimbo yake na blanketi lake. Nice alimwinamishia kichwa, mzee akakigusa. Akamgeukia Tekla.

"Takwenya."

"Iko," Tekla aliitika. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, anaitika kama aliyezaliwa bomani.

Mzee Lesian aliomba aelezwe tangu mwanzo. Alielezwa. Akafikiri.

"Huyu mama anakaa wapi?"

"Finland, mzee," Gadiel alisema.

"Ni mbele ya Namanga?"

"Mbele sana."

"Sasa hayo mabusu yanafikaje?"

"Kwa mawimbi, mzee. Yanapanda juu, yanagonga anga, yanashuka."

"Na yake yanarudi?"

"Hali ya hewa ikiruhusu."

"Shemeji," Manase aliingilia, "yaende kwa mawimbi, yaende kwa basi, mzigo ni mzigo. Aliyepokea kasaini."

Nice akaomba kutoa kielelezo. Kuna tovuti ambayo watu wa redio wa dunia nzima hujiandikisha, jina, picha na mahali anapoishi. Akasoma jina la hewani kwenye kadi ya Finland, akaupata ukurasa wa Kaarina, akamwonyesha mjomba. Kaarina alikuwa bibi wa miaka sabini na tisa, sweta la kijani, amesimama na ng'ombe mweupe mwenye madoa. Manase aliitazama picha muda mrefu.

"Huyu anatoa lita ngapi?"

"Mjomba."

"Nauliza tu."

"Mimi sikuuliza umri wa mtu," Tekla alisema. "Wala ng'ombe."

Ikabidi aitwe Penina, mwalimu wa hesabu, yule mwanachama pekee wa kike. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Usa River, amekaa kiti cha karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kutoka.

"Mwalimu," Mzee Lesian alimwambia, "wewe hawa wanaume walikuwa wanakupa hiyo namba?"

"Wote sita, mzee. Kila siku ya kazi. Mwenyekiti na Jumapili."

"Na ulikuwa unajua maana yake?"

"Tangu wiki ya kwanza. Niliisoma ile orodha mpaka mwisho."

Gadiel aligeuka na kiti chake. "Mwalimu! Miaka miwili! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa mgeni kwenye klabu, mwenyekiti. Nikaona mmeiandika mpaka kwenye tovuti, kifungu cha kwanza. Nikasema labda hawa ndivyo walivyo, niwazoee."

Manase alicheka mpaka akatoka nje kidogo. Aliporudi, macho mekundu, Mzee Lesian alikuwa ameshaomba aelezwe tena ile sehemu ya sabini na tatu kwa wanaume. Gadiel akaieleza: supai, takwenya, bando. Mzee akapiga fimbo chini polepole.

"Huyu kijana hakukosa adabu," alisema. Gadiel ndiye kijana. "Amekosa hesabu. Hata mimi ningesikia hivyo ningefanya hivyo. Mwanamke umwambie supai kwa sababu yuko mbali? Hapana."

Gadiel alianza kupumua. Mkono wake ukasogea wenyewe kuelekea kwenye redio, kama wa kumtuliza mnyama.

"Mzee," Tekla alisema, "naomba swali moja, halafu nakaa kimya."

"Uliza, mke wetu."

"Daftari lile pale. Wako sitini na mmoja. Mimi ni wa ngapi?"

Gadiel alichukua daftari akaanza kufunua kurasa, akajua kila mtu anajua anachokijua yeye, na bado akafunua.

"Wewe hauko hewani, Mama Nice," alisema mwishoni.

"Niko jikoni. Ukuta mmoja. Nakusikia kila jioni unamuuliza mtu wa Brazili kama amelala vizuri. Bibi wa watu Finland unajua ng'ombe wake kazaa pacha. Mwezi uliopita nilibeba mifuko ya mbolea mpaka mgongo ukagoma, siku nne natembea nimepinda. Ulijua?"

"Nilijua umepinda."

"Ulisemaje?"

Gadiel akakumbuka alivyosema. Alisema, Mama Nice, ukipita hapo usikanyage waya.

Manase hakucheka tena. Mzee Lesian alimaliza kikombe chake cha chai, kisha akamwelekezea Gadiel fimbo.

"Mpe."

"Nimpe nini, mzee?"

"Ulichowapa hao sitini na mmoja."

"Hapa? Mbele ya shemeji?"

"Wao uliwapa mbele ya dunia nzima."

Manase alipata jambo la kutazama kwenye dari. Nice alijificha nyuma ya birika. Penina alikuwa wa kwanza kusahau kwamba alitaka kuwahi pikipiki. Gadiel, mtu aliyezungumza na nchi themanini bila kutetereka, alifungua mdomo akaukuta mkavu kama kigae. Kwao mambo hayo hayasemwi. Mtu anajenga nyumba, ananunua blanketi, mke anaelewa.

"Takwenya," alisema.

"Iko," Tekla aliitika, kwa sababu salamu ni salamu. "Sasa namba."

"Themanini na nane."

"Rudia. Mawimbi yana kelele."

"Themanini na nane, Tekla," Gadiel alisema, na hakumbuki mara ya mwisho kumwita kwa jina. Masikio yalikuwa yanamwaka.

Tekla alimtazama kitambo. Akainuka, akakusanya vikombe vitupu.

"Sabini na tatu," alimjibu, akaenda jikoni.

Mzee Lesian aliomba kutafsiriwa. Penina akamwambia maana yake ni salamu njema tu. Mzee akasema inatosha kwa kuanzia.

Uamuzi ulitolewa na Tekla mwenyewe kupitia mlango wa jikoni. Mlingoti ubaki, ameshazoea kuelekeza wageni kwa mlingoti. Kifungu cha kwanza kifutwe kwenye tovuti kabla ya giza. Redio ibaki ya Gadiel, ila sebuleni itoke, iende kwenye banda la ndama ambalo halina ndama tangu Pasaka, na anayetaka kuongea na Brazili apite jikoni kwanza aseme habari za huko.

Jumapili baada ya ibada, jioni ya mwisho ya redio sebuleni, Gadiel alimwita Kaarina, na Tekla akavuta kiti. Gadiel alimweleza bibi yule kila kitu: bando, takwenya, kikao, shemeji kuangalia dari. Kisha kikasikika kicheko cha kikohozi kilichopanda na kushuka na mawimbi.

"Nilijua umekosea, Gadiel," Kaarina alisema. "Lakini kwa umri wangu mtu hasahihishi makosa ya namna hiyo. Huyo mkeo yuko hapo?"

Tekla akasogea kwenye kipaza sauti, akashika kitufe kwa kidole kimoja kama anayeshika jiko la moto, akamuuliza yule ng'ombe wa pacha anakula nini.

Waliongea dakika ishirini na tano. Gadiel alisubiri.

Jumatatu alipima kwa hatua kutoka kwenye mlingoti mpaka banda la ndama, mita thelathini na mbili, akashuka mjini. Kebo ya antena, ile nyeusi nene, mita moja ni shilingi elfu tatu na mia tano. Akalipia zote thelathini na mbili bila kubembeleza bei.